Ramani ya mauzo: Mara imekaa Kenya, Songwe haipo, na Lindi inaonekana haina kitu

"Habari za kazi mtaalamu. Mimi ni dada niko kitengo cha mauzo kwenye kampuni ya usambazaji hapa Dar, tunauza sabuni na mafuta ya kula mikoa yote. Bosi alitaka kila mwezi aone mauzo kwenye ramani ya Tanzania, nikatengeneza kwenye Power BI, ile programu ya ripoti ya Microsoft. Mwanzo nilitumia ramani ya maduara, duara la Mara likawa linakaa Kenya na Pwani ikawa haieleweki iko wapi. Nikapakua mipaka ya mikoa mtandaoni nikaiingiza, sasa Songwe haipo kabisa. Halafu Dar imekolea rangi, mikoa mingine yote imepauka kama vile hatuuzi kitu. Kikao kilichopita bosi akasema Lindi tupunguze watu maana kwa ramani hakuna kitu kule, na mimi najua vijana wa Lindi wanapambana. Kuna mtu kaniambia Power BI haiijui Tanzania ninunue programu ya ramani, mwingine kaniambia nishuke mpaka wilaya ndio itakaa vizuri. Nifanyeje? Au niachane na ramani nirudi kwenye jedwali?"

Dada, pole na kazi, na hongera kwa kuuliza mapema, maana hapo kuna watu wanaweza kupoteza ajira kwa sababu ya rangi tu. Nimesoma swali lako nikaona una matatizo kama manne hivi, yote yanatokea kwenye ukurasa mmoja ndio maana yanaonekana kama ni kitu kimoja. Kuna la majina, kuna la mipaka ya zamani, kuna la rangi, na kuna moja ambalo hujalitaja lakini nadhani ndilo kubwa kuliko yote, nalo ni kwamba sehemu mnayoandika mauzo huenda sio sehemu bidhaa inapotumika. Nitaanza na Lindi ingawa wewe umeiweka mwishoni, kwa sababu Mara ikikaa Kenya kila mtu anaona kwamba ni kosa, ila Lindi ikipauka hakuna anayeona kosa, watu wanaona ni ukweli.

Sasa hiyo rangi inatoka wapi. Ukiweka rangi ya kukolea kidogo kidogo, programu inaangalia namba ndogo kabisa na namba kubwa kabisa kwenye data yako, ndogo inapewa rangi hafifu, kubwa inapewa rangi nzito, halafu wengine wote wanapangwa katikati kulingana na umbali wao. Dar ikiwa na mauzo mara tatu ya mkoa unaofuata basi theluthi nzima ya chini ya rangi ndio inabaki kugawana mikoa 30, na jicho la mtu kwenye projekta ya ofisini haliwezi kutofautisha kijani hafifu na kijani hafifu zaidi. Kwa hiyo wote wanaonekana sawa na wote wanaonekana hawana kitu. Programu haijakosea hapo, imefanya hesabu uliyoiomba, ila hesabu yenyewe haijibu swali la bosi.

Na swali la bosi ni lipi hasa? Kama anauliza pesa imeingia kutoka wapi, jumla ya mauzo ni sawa. Lakini yeye anaamua habari za watu, anataka kujua wapi kazi inafanyika vizuri na wapi inalala, na kwa swali hilo jumla haifai kupakwa kwenye mikoa. Dar kwa sensa ya 2022 ina watu kama milioni 5.38, Lindi ina kama milioni 1.19. Hata kama vijana wa Lindi wangekuwa malaika bado Dar ingewashinda kwa jumla. Tuchukulie mfano, namba za mauzo ni za kutunga lakini za watu ni za sensa: Dar mmeuza milioni 540, Tabora milioni 200, Lindi milioni 180. Kwa jumla Lindi ndio wa mwisho. Gawanya kwa idadi ya watu, Dar inakuwa kama shilingi 100 kwa kila mtu, Tabora yenye watu milioni 3.39 inakuwa kama 59, na Lindi inaruka mpaka kama 150. Data ni ile ile, ila mkoa uliokuwa unapunguziwa watu sasa ndio unaongoza.

Kuna na jambo la ukubwa wa eneo ambalo watu wengi hawalifikirii. Tabora ina kilomita za mraba kama elfu 76, Dar ina kama 1,393, yaani ndani ya Tabora zinaingia Dar zaidi ya 50 lakini Tabora ina watu wachache kuliko Dar. Kwenye ramani ya kupaka rangi Tabora, Morogoro, Ruvuma na Lindi zinakamata macho kwanza kwa sababu ni kubwa, na zikiwa zimepauka basi nchi nzima inaonekana imepauka, wakati Dar iliyobeba mauzo inaonekana kama kidoa pembeni mwa bahari. Kanda ya Ziwa nayo ina kisa chake, kuna faili za mipaka zinazochora mkoa mpaka katikati ya Ziwa Victoria, hivyo Mwanza inaonekana kubwa kumbe sehemu yake kubwa ni maji, na majini hakuna duka. Ukipata faili yenye ufukwe uliokatwa tumia hiyo.

Kwa hiyo sheria ninayoishika mimi ni hii: rangi ya eneo ni kwa ajili ya kiwango, yaani mauzo kwa kila mtu, kwa kila duka mnalohudumia, asilimia ya lengo lililofikiwa, ukuaji ukilinganisha na mwaka jana. Jumla za pesa au makatoni zinafaa maduara, duara kubwa kwa mauzo makubwa, na duara halijali mkoa una ukubwa gani. Unaweza kuweka vyote kwenye ramani mbili ndogo pembeni kwa pembeni, bosi akaona pesa iko wapi na nguvu iko wapi kwa wakati mmoja.

Ila usikimbilie kugawa kwa watu ukadhani umemaliza. Kusini Unguja kwa sensa ya 2022 ina watu kama laki mbili tu, lakini hoteli za Paje na Jambiani zinafua mashuka kila siku, ukigawa sabuni kwa wakazi utapata namba kubwa sana na mtu atasema Kusini Unguja ni mfano wa kuigwa, kumbe ni watalii. Mkoa wenye watu wachache mteja mmoja mkubwa anaupandisha au kuushusha kwa mwezi mmoja. Kwa biashara kama yenu mimi ningependa zaidi kugawa kwa idadi ya maduka mnayoyafikia kama mnayo hiyo takwimu, au kulinganisha mkoa na lengo lake wenyewe. Asilimia ya lengo ina hatari yake nayo, kama lengo liliwekwa kienyeji basi ramani inaonyesha ukienyeji huo kwa rangi nzuri.

Turudi kwenye rangi. Acha kukoleza kidogo kidogo, weka makundi manne au matano yenye mipaka unayoijua. Kwenye Power BI unaingia sehemu ya rangi za kujaza, unabonyeza kitufe cha fx, unachagua kanuni (Rules) badala ya mteremko (Gradient), unaandika mwenyewe kuanzia sifuri mpaka 40 rangi hii, 40 mpaka 80 rangi ile na kuendelea. Mipaka hiyo ikae vile vile mwezi hadi mwezi. Hili nalisisitiza kwa sababu ni kosa linalopita kimya kimya: ukiacha programu ijipangie yenyewe, Januari rangi ya kati inaweza kuwa shilingi 70 na Februari ikawa shilingi 90, bosi anaweka ripoti mbili mezani anaona Mbeya imekaa rangi ile ile anasema haijasogea, kumbe imepanda vizuri tu. Wengine wanapenda kugawa mikoa sawa kwa sawa, sita sita kila kundi, inapendeza machoni lakini ujue hapo lazima wawepo sita wa mwisho hata kama tofauti yao na wengine ni ndogo, na kwenye ofisi ambayo mtu wa mwisho anapunguzwa mimi nisingeitumia. Tumia rangi moja inayokolea, usitumie nyekundu na kijani, kuna watu hawazitofautishi na hata wanaozitofautisha wakiona nyekundu wanasikia kengele ya hatari kabla hawajasoma namba.

Na tenganisha sifuri na kutokuwepo. Mkoa ambao hamjauza kitu na mkoa ambao ripoti yake haijafika ni vitu viwili tofauti, huyo wa pili mpe kijivu na uandike pembeni kwamba kijivu maana yake data bado.

Sasa lile ambalo hukuuliza. Mauzo yenu yanaandikwa mkoa gani, wa ghala lililotoa mzigo, wa msambazaji aliyelipa, au wa duka la mwisho? Kampuni nyingi za usambazaji zinaandika wa ankara, yaani aliyelipa yuko wapi. Na hapa Tanzania maana yake Kariakoo inakula sifa za nchi nzima, kwa sababu mfanyabiashara wa Singida anakuja Kariakoo ananunua anapakia anarudi, na wapo wanaotoka Zambia, Malawi na Kongo, wote wanahesabika Dar. Mafuta yanapikiwa Singida au Lubumbashi lakini kwenye ramani yako yamepikiwa Ilala.

Kwa Lindi nenda kaangalie kitu kimoja mahususi. Nachingwea ni Lindi kiutawala lakini Masasi iko karibu nayo kuliko Lindi mjini, na Masasi ni Mtwara. Kama mna msambazaji wa jumla Masasi, basi kuna uwezekano mkubwa kijana wenu wa Lindi anazunguka maduka ya Nachingwea anachukua oda, mzigo unatoka Masasi, na namba zinaandikwa Mtwara. Fungua ankara za wasambazaji wa Masasi za miezi mitatu minne iliyopita, uwapigie uwaulize mzigo unaenda wapi, hawatakunyima. Angalia na msimu pia, Lindi na Mtwara ni watu wa korosho, minada inaanza kwenye Oktoba na pesa inaanza kuzunguka hapo, kwa hiyo ukilinganisha Lindi ya Juni na Mwanza ya Juni unamlinganisha mtu aliyesubiri mavuno na mtu mwenye biashara ya kila siku. Mlinganishe Lindi na Lindi ya mwezi ule ule mwaka jana. Haya yote hayaonekani kwenye ramani hata ukiipaka vipi, ila unaweza kuyaandika kwenye kichwa cha ramani: badala ya "Mauzo kwa mkoa" andika "Mauzo kwa mkoa wa msambazaji aliyelipa". Hicho kichwa kinafanya mtu asimame aulize kabla hajaamua.

Haya, tuje kwa Mara. Ramani ya maduara haijui kitu kuhusu data yako, inachukua neno ulilomwandikia inalituma kwenye huduma ya ramani ya Microsoft mtandaoni na kuuliza neno hili liko wapi duniani. Ukituma "Mara" peke yake huduma inakisia, na Mara inayojulikana zaidi duniani ni ile ya mbuga kule Narok, kwa hiyo inakupeleka Kenya. Ukituma "Pwani" ndio kabisa, ni neno la kawaida. "Morogoro" inaweza kuwa mkoa au mji, "Dar es Salaam" inaweza kuwa mkoa mzima au jiji, na tangu 2021 jiji kiutawala ni ile iliyokuwa Manispaa ya Ilala. Songwe nayo ni mtihani maana uwanja wa ndege wa Songwe uko Mbeya. Dawa ni kumsaidia asikisie: tengeneza kolamu mpya inayounganisha jina na nchi, "Mara Region, Tanzania", "Pwani Region, Tanzania", halafu kwenye Data category uiambie kwamba kolamu hii ni mahali. Hapo wengi wanatulia. Dawa ya uhakika zaidi ni kuacha majina kabisa ukaweka latitudo na longitudo za kila makao makuu ya mkoa, ni mistari 31 tu, unaiandika siku moja unaitumia miaka.

Ukienda na latitudo angalia alama ya kutoa. Tanzania yote iko kusini ya ikweta, latitudo zetu zote ni hasi. Dar ni kama -6.8 na 39.28. Ukisahau kutoa Dar inahamia Ethiopia, ukizigeuza ile ya kwanza ikawa ya pili unajikuta Hispania karibu na mpaka wa Ureno, na ukiona kidoa kimekaa baharini Ghuba ya Guinea ujue kuna mistari ina sifuri na sifuri, yaani mtu aliacha wazi.

Halafu majina yanayotoka kwa watu wa mauzo wenyewe. Naamini ukifungua data yako utakuta mtu ameandika Moshi badala ya Kilimanjaro, Bukoba badala ya Kagera, Musoma badala ya Mara, Songea badala ya Ruvuma, Sumbawanga badala ya Rukwa, Babati badala ya Manyara, Kibaha badala ya Pwani. Sio uzembe, ndivyo tunavyoongea. Usiwagombeze, tengeneza jedwali dogo la tafsiri, upande mmoja kila namna jina linavyoandikwa, upande wa pili mkoa wake sahihi na namba ya mkoa, na kila data mpya ipitie hapo kwanza. Kwenye Power Query, ile sehemu ya Power BI ya kusafishia data, kuna namna ya kuunganisha inaitwa Left Anti, inakutolea mistari iliyokosa mwenzake. Ikirudi tupu ndio unaendelea na ramani, ikirudi na kitu unakirekebisha kwanza. Kama utatumia namba za mikoa chagua mfumo mmoja, maana kwenye namba za kimataifa za ISO 01 ni Arusha na kwenye orodha ya sensa yetu 01 ni Dodoma, ukichanganya ramani itatoka safi kabisa na yote itakuwa uongo. Na Excel inapenda kula sifuri ya mwanzo, 01 inabaki 1, weka kolamu iwe maandishi.

Songwe je? Hapo jibu ni fupi, umepakua mipaka ya zamani. Songwe ilimegwa kutoka Mbeya 2016. Geita, Katavi, Njombe na Simiyu zilizaliwa 2012. Hesabu vipande vya mikoa kwenye faili yako bila kuhesabu maziwa: vikiwa 26 ni faili ya kabla ya 2012, vikiwa 30 ni ya enzi za sensa ya 2012, tunataka 31, yaani 26 vya Bara na vitano vya Zanzibar. Kinachotisha kwenye faili ya 30 ni kwamba haikuambii kuna shida. Jumla kuu juu ya ripoti inabaki sahihi, mauzo ya Songwe yanadondoka kwenye ramani kimya kimya, na kile kipande cha Mbeya kinanyooka mpaka Tunduma kikiwa na rangi ya mauzo ya Mbeya peke yake. Tunduma dada, mpakani, pale malori mengi ya Zambia yanapopita, ndio pamevalishwa namba isiyo yake.

Mipaka mipya utaipata HDX, ile hazina ya takwimu ya Umoja wa Mataifa, au geoBoundaries ambayo inaruhusu matumizi ya kibiashara mradi utaje chanzo. GADM, chanzo kingine cha mipaka, ni maarufu lakini wao matumizi ya kibiashara ni mpaka ruhusa, na nyie ni kampuni. Ukishaipata ifungue kwenye mapshaper, ni ya bure inafanya kazi ndani ya kivinjari, ipunguze uzito wa mistari maana faili kamili ya pwani yetu na visiwa vyake inafanya ripoti ikwame kwenye simu ya bosi, halafu itoe kama TopoJSON, aina ya faili ya mipaka, uiweke kwenye Shape Map, ile ramani ya Power BI inayopaka rangi mipaka unayoipa mwenyewe. Kama kwenye toleo lako Shape Map haionekani iangalie kwenye mipangilio, sehemu ya vitu vya majaribio. Uzuri wa Shape Map ni kwamba haiulizi mtandao mahali palipo, inalinganisha tu jina lako na jina lililo ndani ya faili, kwa hiyo Mara haiwezi kwenda Kenya, na kuna sehemu inakuonyesha majina yaliyomo ndani uyalinganishe na yako herufi kwa herufi. Huko Zanzibar utakuta faili moja imeandika Mjini Magharibi na nyingine imeandika kwa Kiingereza, ndio yale yale ya jedwali la tafsiri.

Kwa hiyo kununua programu ya ramani hapana, sio kwa kazi hii. Siku mkitaka kujua gari lipite njia gani, au duka lipi liko umbali gani na ghala, au mnachora maeneo ya mauzo upya, hapo Power BI peke yake itakuwa haitoshi, na hata hapo anzeni na QGIS ambayo ni ya bure na ina uwezo mkubwa kuliko mahitaji ya kampuni nyingi.

Kushuka wilaya nako nakuomba usubiri. Mkoa ukikusumbua wilaya itakusumbua zaidi. Moshi ni manispaa na Moshi ni halmashauri ya wilaya, mtu wenu akiandika "Moshi" anamaanisha ipi? Dar kwenye mipaka ya zamani ina wilaya tatu, Ilala, Kinondoni na Temeke, leo ziko tano, Ubungo na Kigamboni zimeongezeka. Mkienda chini zaidi mpaka kata ndio kabisa, kata zinazoitwa Majengo ziko miji mingi. Na namba zinakuwa ndogo, mteja mmoja akichelewa kulipa wilaya nzima inabadilika rangi. Badala ya kushuka mimi ningekushauri upande, unganisha mikoa iwe kanda zenu za mauzo jinsi magari yenu yanavyotembea kweli, mapshaper inaunganisha vipande hivyo kwa amri moja. Kama Masasi inahudumia Nachingwea basi Lindi na Mtwara ziwe kanda moja kwenye ripoti ya utendaji, na lile tatizo lote la mpaka linaisha.

Umeuliza kama urudi kwenye jedwali, nami nakujibu kwa moyo mweupe: kwa mikoa 31, swali la nani yuko juu na nani yuko chini linajibiwa vizuri zaidi na vibao, yaani chati ya nguzo (bar chart), vilivyopangwa kutoka kirefu mpaka kifupi kuliko ramani yoyote. Ramani ina kazi yake pale ujirani unapoeleza kitu, kwa mfano mikoa yote inayopitiwa na barabara ya Tanzam imepanda kwa pamoja, au Kanda ya Ziwa yote imeshuka mwezi mpinzani aliposhusha bei, hicho vibao havikuonyeshi lakini ramani inakionyesha kwa sekunde moja. Kwa hiyo viweke vyote kwenye ukurasa mmoja, ramani kushoto vibao kulia, ukigusa mkoa kwenye ramani kibao chake kinawaka. Bosi amezoea ramani na ana haki ya kuipenda, usimnyang'anye, mpe na kitu cha kuisomea.

Jambo moja la tahadhari kabla hujaondoka kwenye ramani ya maduara. Kwa kuwa majina yanatumwa nje ya kampuni kwenda kutafutwa, usiweke humo jina la mteja, namba ya simu au anwani ya nyumba yake. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 na mama mwenye duka lake la mtaani ni mtu binafsi kama wewe. Na ukikuta ramani za mtandaoni zimefungwa kwenye akaunti ya kampuni, uwezekano ni kwamba watu wa aiti walizifunga makusudi, kaongee nao usitafute njia ya uchochoroni.

Kuna vitu ambavyo mimi kwa maandishi siwezi kukumalizia. Ukipokea mipaka au alama za maduka kutoka kwa wapima ardhi na ukiona namba zake ni ndefu za mita badala ya digrii, huenda ziko kwenye mfumo wa Arc 1960 ambao unatumika sana kwenye upimaji hapa kwetu, ukiziweka bila kuzigeuza ramani inavurugika au vidoa vinasogea mita mia kadhaa. Hapo tafuta mtu wa ramani akae na wewe mezani, wahitimu wa Chuo Kikuu Ardhi wanaozijua hizi kazi wapo wengi hapo Dar. Na hili la kupunguza watu Lindi lisiamuliwe kwa maneno yangu wala kwa ripoti yako, omba wewe na msimamizi wa kanda mwende au mpige simu mkiwa na ankara za Masasi mkononi, mwambie bosi asubiri mpaka hiyo hesabu irudi. Mwambie hivyo hivyo bila kuficha, kwamba ramani ya kikao kilichopita ilikuwa inaonyesha jumla, haikuwa na Songwe, na huenda ilihesabu mzigo kwa aliyelipa. Bosi mwenye busara atakushukuru.

Ukishafanya ile Left Anti na kuna majina bado yamebaki bila mwenzake, niandikie hayo majina tu, bila mauzo wala wateja, nitakuonyesha yanakaa mkoa gani.